Kolamu ipo, databesi inasema haipo: kisa cha ripoti ya mikopo chechefu

Majina ya jedwali na kolamu nimebadilisha, namba nimezipindapinda, na mkoa sitautaja maana SACCOS za mji ule zinahesabika kwa vidole na watu wataanza kunong'onezana. Kilichobaki ni kisa chenyewe kilivyokwenda, pamoja na pale ambapo mimi mwenyewe niliboronga.

## Ofisi na mfumo wake

SACCOS hii ni ya watumishi, siyo kubwa, ofisi moja na madirisha mawili ya kuhudumia wanachama. Mfumo wao wa mikopo aliuandika kijana mmoja akiwa bado chuoni, lugha ya PHP na Laravel (mfumo tayari wa kujengea programu za PHP), databesi MySQL, na vyote vilikaa kwenye kompyuta moja ya Windows chini ya meza ya mhasibu, XAMPP, programu inayoendesha vyote hivyo, inawashwa asubuhi inazimwa jioni kama taa ya kibarazani. Kijana alishaondoka zamani, akapata kazi kwingine, namba yake ya simu haipatikani. Mfumo ukaendelea tu.

Majina ya kolamu yalikuwa mseto. Kuna `TareheRejesho`, kuna `jina_mwanachama`, kuna `HALI`, na kuna moja ina nafasi katikati kabisa, `Namba ya Simu`. Kwenye MySQL hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu MySQL haijali kolamu umeiandika kwa herufi kubwa au ndogo, andika `tareherejesho` andika `TAREHEREJESHO` yeye anakuletea tu, iwe Windows iwe Linux (majina ya jedwali ndiyo yana shida ukihamia Linux, kolamu hapana).

Mwaka huo wakaamua kuhamia seva ya Linux yenye PostgreSQL, databesi nyingine ambayo wengi tunaiita Postgres. Kijana wa IT wa pale, wa sasa, ndiye aliyehamisha data kwa pgloader, zana ya kuhamishia data kwenda Postgres. Sasa pgloader kwa kawaida yake inageuza majina yote yawe herufi ndogo, ila yeye akaiambia iyaache yalivyo. Wengi nikiwasimulia wanasema hapo ndipo alipoharibu. Mimi nasema hapana. Laravel ukiitumia kwa njia yake ya kawaida inazungushia kila jina koma mbili za juu kabla ya kulituma Postgres, kwa hiyo skrini zote za mfumo zilikuwa zinaomba `"TareheRejesho"` hivyohivyo na ukubwa wake wa herufi, angeshusha majina skrini zingekufa zote siku ya kwanza. Aliwaza vizuri. Alichosahau ni kwamba ripoti hazikupita kwenye njia hiyo, zile zilikuwa kweri ndefu, yaani maombi ya data kwa databesi, zimeandikwa kwa mkono moja kwa moja ndani ya programu, na hakuna aliyezigusa wakati wa majaribio. Walijaribu kusajili mwanachama, kutoa mkopo, kupokea rejesho, vyote safi, wakapeana mikono.

## Ijumaa ya mwisho wa mwezi

Kijana wa IT alinipigia saa kumi na moja jioni. "Kaka, mfumo unafanya kazi ila ripoti zote zimekufa, na bodi inakaa Jumatatu." Nikamwambia nitumie picha ya kosa. Akatuma WhatsApp, picha imekatwa nusu, naona tu mstari wa juu unaosema kolamu `tareherejesho` haipo. Nikamuuliza ipo kwenye jedwali? Ipo. Una uhakika? Nina uhakika, mama mhasibu naye anaiona hapa. Nasikia kwa nyuma mama mhasibu anasema, "Si hii hapa naiona kwa macho yangu, inasemaje haipo?"

Nilipofika na kuiona yote ilikuwa hivi:

```
ERROR:  column "tareherejesho" does not exist
LINE 1: SELECT TareheRejesho, KiasiMkopo FROM mikopo
               ^
HINT:  Perhaps you meant to reference the column "mikopo.TareheRejesho".
```

Angalia vizuri. Mtu kaandika `TareheRejesho`, databesi inalalamika kuhusu `tareherejesho`. Hilo tu linatosha kukwambia kilichotokea: Postgres ukiipa jina bila koma mbili za juu inalishusha lote kuwa herufi ndogo kwanza, ndipo inakwenda kulitafuta (Oracle nayo inabadilisha ila yenyewe inapandisha). Jina lililohifadhiwa lina T kubwa na R kubwa, linalotafutwa halina, basi haipo. Na ule mstari wa chini kabisa ulikuwa umeshatoa jibu, ndio uliokatwa kwenye picha! Siku hizi mtu akinitumia kosa namwambia nakili maandishi yote, picha sitaki.

## Koma moja na koma mbili

Kabla sijafika kijana hakukaa bure. Alikuwa amesoma mahali kwamba Postgres inataka majina yawekwe kwenye koma za juu, akayaweka, ila kwa sababu kweri zenyewe ndani ya PHP zilikuwa zimefungwa na koma mbili, akiweka koma mbili nyingine ndani programu inakataa, basi akatumia koma moja. Kosa likaondoka. Akafurahi.

Kwenye Postgres koma mbili ni jina, koma moja ni maandishi. Kwa hiyo ukiandika hivi:

```
SELECT 'KiasiMkopo' FROM mikopo WHERE 'HALI' = 'HAI'
```

unaiuliza databesi kama neno HALI ni sawa na neno HAI. Siyo sawa, wala halitakuwa sawa hata kesho, kwa hiyo inakurudishia mistari sifuri bila kulalamika. Ripoti ikatoka nzuri kabisa, nembo ipo juu, sehemu ya sahihi ipo chini, katikati hakuna kitu. SACCOS haina mdaiwa hata mmoja. Alipoondoa ile sharti ya HALI ili aone, kwenye pgAdmin, programu ya kuangalia Postgres, ikamjia kolamu moja yenye kichwa `?column?` na chini yake neno KiasiMkopo, KiasiMkopo, KiasiMkopo mpaka mwisho. Hapo ndipo aliponipigia tena.

Mimi hili la koma moja silichukulii kama uzembe. Kwenye MySQL yenyewe koma mbili kwa kawaida ni maandishi, jina linawekwa kwenye ule mkwaju mdogo ulioko kushoto ya namba 1 kwenye kibodi, sasa mtu aliyelelewa na MySQL ukimwambia koma za juu anachukua zilizo karibu.

## Njia tatu mezani

Tulikaa mimi, kijana, na mama mhasibu aliyekataa kwenda nyumbani. Njia ya kwanza ilikuwa kubadilisha majina ya kolamu zote yawe herufi ndogo yenye mstari wa chini, mara moja, tumalize. Hiyo ndiyo safi kuliko zote na mimi roho yangu ilikuwa huko, lakini ingevunja kila skrini na Jumatatu asubuhi wanachama wako dirishani. Njia ya pili, kupita ripoti zote na kuweka koma mbili kila jina. Ripoti zilikuwa kumi na kitu, nyingine kweri yake inajaza skrini mbili, na mtu wa baadaye akiongeza neno moja bila koma tunarudi palepale.

Tukachukua ya tatu: kutengeneza viu, yaani jedwali la kuonyesha tu, juu ya kila jedwali linalotumiwa na ripoti, na ndani ya viu ndipo tunapobatiza majina upya.

```
CREATE VIEW rpt_mikopo AS
SELECT "NambaMkopo"    AS namba_mkopo,
       "TareheRejesho" AS tarehe_rejesho,
       "Namba ya Simu" AS simu
FROM mikopo;
```

Majina magumu yanaandikwa mara moja, sehemu moja, na ripoti zote zinasoma majina mepesi. Tena Postgres inakumbuka kolamu yenyewe, siyo jina lake, kwa hiyo siku wakija kubadilisha jina kwenye jedwali la chini viu inaendelea kufanya kazi kama hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililonishawishi. Ila ina ukorofi wake, ukitaka kuongeza kolamu kwenye viu iliyopo kwa `CREATE OR REPLACE` lazima uiweke mwisho, ukiichomeka katikati inakataa na kusema huwezi kubadilisha jina la kolamu ya viu. Tuliliona hilo saa tatu usiku, tukadhani tumeharibu kitu.

Kazi ikaenda. Makosa mengine yalitoka na meseji ileile ya kolamu haipo ila sababu siyo herufi. Ripoti moja ilikuwa na `SUM(...) AS Deni` halafu chini yake `HAVING Deni > 0`. MySQL inakubali kutumia jina la utani ndani ya HAVING, Postgres haikubali, inakwambia kolamu `deni` haipo, na kweli haipo maana wakati inachuja hilo jina bado halijazaliwa. Dawa ni kurudia `SUM` yenyewe pale. Nyingine ilijumlisha bila kutoa jina kabisa, PHP inasubiri kitu kinaitwa `SUM(Kiasi)` kama MySQL inavyoita, Postgres inaleta `sum`, basi jumla inakosekana.

Na kulikuwa na ya kuchekesha. Ripoti ya riba inayokwenda kwenye Excel ilikuwa inachukua vichwa vyake moja kwa moja kutoka majina ya kweri, na kimoja kiliitwa "Jumla ya Riba Iliyolimbikizwa Hadi Mwisho wa Mwezi wa Taarifa Hii". Herufi 65 pamoja na nafasi. Postgres mwisho wake ni baiti 63, inayozidi inakatwa na onyo dogo ambalo PHP haikulionyesha popote. Kichwa kikatoka "...wa Taarifa H". Mama mhasibu akauliza hiyo H ni herufi ya siri ya nani.

## Kolamu mbili, jina moja

Saa tano kasoro nikafika ripoti ya mikopo chechefu, yaani mikopo ambayo marejesho yake yamechelewa, ambayo ndiyo bodi inaisoma kwanza na ndiyo namba zake zinaingia kwenye taarifa za Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kweri yake ya zamani ilianza `SELECT r.*, p.*`, r ni ratiba ya marejesho, p ni malipo ya mwisho ya kila mkopo, na nyota maana yake lete kolamu zote. Nikaigeuza viu vilevile ilivyo. Postgres ikakataa:

```
ERROR:  column "Tarehe" specified more than once
```

Jedwali la ratiba lina `Tarehe`, siku ambayo rejesho linatakiwa. Jedwali la malipo nalo lina `Tarehe`, siku ambayo mtu alilipa. Kwenye kweri ya kawaida Postgres inaruhusu majina pacha, MySQL pia inaruhusu, lakini viu hairuhusu. Nikaona ni kero tu ya usiku, nikaziita `tarehe_kudaiwa` na `tarehe_kulipwa`, kwenye ripoti nikaweka ya kudaiwa kwa sababu siku za kuchelewa unazihesabu kutoka siku ya kudaiwa, nani asiyejua. Nikaendelea. Sikujiuliza swali moja dogo: ile ya zamani ilikuwa inatumia ipi?

Jumamosi asubuhi tukalinganisha. Kompyuta ya zamani ilikuwa bado haijafutwa, tukaiwasha, tukatoa ripoti za mwezi uleule huku na huku. Zote zikafanana mpaka senti, isipokuwa chechefu. Ya mfumo mpya ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya zamani. Nikaamini data imepotea njiani. Nikatumia asubuhi nzima kuhesabu mistari jedwali kwa jedwali, kulinganisha jumla, kutafuta malipo yaliyoachwa, mpaka adhana ya adhuhuri inaita. Hakuna kilichopotea hata shilingi.

Aliyetutoa ni mama mhasibu. Alichukua mkopo mmoja kwenye ripoti mpya, akaenda kabatini, akatoa faili la karatasi. Mwanachama ana rejesho hajalimaliza tangu miezi minne nyuma, ila kila mwezi anapita dirishani anaweka kidogokidogo, mara ya mwisho wiki iliyopita. Ripoti mpya inasema kachelewa siku mia na ushee. Ya zamani inasema siku sita. Mama akahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole. "Siku sita ni tangu alipolipa," akasema. "Hii ya zamani inahesabu tangu alipolipa."

Nikafungua programu. PHP ikipokea mstari wenye majina mawili yanayofanana inabaki na la mwisho, la kwanza linafunikwa kimya kimya, na p ndiyo iliyokuwa mwisho. Kwa miaka yote hiyo ripoti ilikuwa inapima ucheleweshaji kutoka siku ya malipo ya mwisho. Ukitaka mkopo wako uonekane mzima ulipe elfu tano kila wiki. Na wale ambao hawajawahi kulipa hata mara moja ndio walikuwa salama kuliko wote: tarehe yao ya malipo ni tupu, Carbon, maktaba ya tarehe ya PHP, ukiipa tarehe tupu inakupa saa ya sasa hivi, leo kutoa leo ni sifuri, mtu hajachelewa kabisa.

Mimi nilikaa chini.

## Kumwambia meneja

Meneja alikuja saa tisa mchana na jambo la kwanza alilosema ni kwamba mfumo mpya ndio umeharibu, warudishe wa zamani mpaka bodi ipite. Namwelewa. Ripoti ya zamani imekaguliwa, imesainiwa, imesomwa mkutano mkuu watu wakapiga makofi, halafu wanakuja vijana wawili na laptopu wanasema ilikuwa siyo.

Kijana alitaka tutoe namba ya zamani Jumatatu halafu tusahihishe taratibu. Mimi nilikataa, na siyo kwa ujasiri wowote, niliogopa tu jina langu kuwa kwenye ripoti ninayojua ina kasoro. Tulichofanya, tulichagua mikopo mitano, faili zake za karatasi zikawekwa mezani, tukamwambia mzee hesabu mwenyewe. Alihesabu miwili. Wa tatu ulikuwa wa mtu anayemfahamu, akalifunga faili akasema, "Haya, andikeni maelezo."

## Jumatatu

Bodi ilipewa ripoti mbili, ya hesabu ya zamani na ya hesabu sahihi, na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili cha kawaida bila neno hata moja la kompyuta. Kikao kilikwenda mpaka jioni. Walikubali namba mpya, wakaagiza miezi iliyopita ihesabiwe upya, na afisa ushirika akaarifiwa kabla hajagundua mwenyewe. Kulikuwa na maneno makali, mengine kwa mtu asiyehusika. Skrini za mfumo hazikuguswa, dirishani wanachama walihudumiwa kama kawaida, na ripoti nyingine zote zilitoka siku hiyohiyo.

## Kilichotusaidia, kilichotuangusha

Viu zilisaidia kwa namna ambayo sikuipanga. Nilizichagua kwa ajili ya herufi kubwa na ndogo, zikaja kukamata jambo kubwa zaidi kwa sababu tu haziruhusu majina pacha. Tungechukua njia ya pili, ya kuweka koma mbili kila mahali, `r.*, p.*` ingepita bila neno, namba zingefanana na za zamani na sisi tungepongezana kwamba zinafanana. Hilo huwa nalifikiria sana. Kulinganisha na mfumo wa zamani kulitufaa, lakini kwa ripoti hii mfumo wa zamani ndio uliokuwa shahidi wa uongo, na mimi asubuhi nzima nilimwamini yeye nikaikataa databesi. Faili la karatasi ndilo lililoamua.

Kosa langu ni la usiku ule. Databesi iliponiambia kolamu mbili zina jina moja ilikuwa inanipa habari, mimi nikaichukua kama mlango uliokwama nikausukuma. Ningetumia dakika mbili kuuliza ripoti inasoma `Tarehe` ipi, Jumamosi ningelala. Kijana naye kosa lake kubwa siyo koma, ni kufurahi kosa lilipoondoka kabla hajaangalia kilicholetwa. Ripoti tupu bila kosa ni mbaya kuliko kosa jekundu, jekundu angalau unalitafutia dawa.

Kuhusu majaribio sina mengi, waliohama walijaribu wanachokitumia kila siku na ripoti zinatumika mara moja kwa mwezi, ofisi nyingi ni hivyohivyo. Kuhusu `SELECT *` ndani ya ripoti zenye jedwali zaidi ya moja nina neno moja, acheni. Na jedwali lenye kolamu inayoitwa `Tarehe` tu, au `Hali` tu, au `Kiasi` tu, lina deni, siku likiunganishwa na mwenzake litalipa. Tarehe ya nini? Iandike kwenye jina.

Majina ya chini bado hayajabadilishwa. `"Namba ya Simu"` ipo pale na nafasi zake, kijana anasema atayapunguza jedwali moja kila mwezi na mpaka nilipopita mara ya mwisho alikuwa amefanya mawili. Ile kompyuta ya Windows nayo bado iko chini ya meza ya mama mhasibu, imewekewa karatasi ya gundi imeandikwa kwa kalamu nyekundu USIFUTE, maana hesabu za miezi ya nyuma hazijaisha.